Bei njoo inboksi

Mwaka wa 2019 kuna mama wa Nakuru, wa pande za Free Area, alikomenti kwa posti yangu ya Facebook akauliza hii omena, samaki wadogo wakavu ninaouza, gorogoro (ule mkebe wa kupimia) ni pesa ngapi. Nikamjibu vile kila mtu alikuwa anajibu, "bei njoo inboksi dia." Hakuja. Baada ya kama nusu saa akarudi hapo hapo kwa komenti akaandika, "Dada, kama bei yako ni ya haki mbona inaogopa watu?" Watu wakalaiki hiyo komenti kuliko walivyolaiki posti yenyewe.

Nilikasirika, nisidanganye, karibu nimbloki. Lakini usiku hapo kwangu Nyalenda, Kisumu, nikiwa nimelala hayo maneno yakakataa kutoka kichwani, juu nilikuwa najua jibu lake. Bei yangu haikuwa moja. Ukija inboksi kwanza naingia kwa profaili yako, naangalia picha, naangalia unaishi wapi, kama uko Nairobi na umesimama kando ya gari nakuambia 250, na kama naona wewe ni mtu wa hali yangu nakuambia 200, na wewe huwezi kujua juu hauongei na huyo mwingine. Kwa hivyo yule mama alikuwa ameona kitu cha kweli kupitia komenti moja tu, na hata hatujawahi kuonana.

Hiyo tabia sikuianzisha mimi, niliisomea soko la Kibuye hapa Kisumu. Waya wangu, yaani dada ya baba, ameuza omena Kibuye tangu nikiwa msichana mdogo wa kubeba maji, na wale wanaojua Kibuye ya Jumapili wanajua vile watu hujaa mpaka unapita kwa upande. Nilikuwa nakaa nyuma yake kwa gunia naangalia vile anapatia watu bei. Mwenye viatu safi anapewa bei yake, mama mwenye mtoto mgongoni anapewa bei yake, mwalimu anayekuja kila mwisho wa mwezi kulipa deni anapewa yake. Nikamuliza siku moja mbona hivyo akaniambia, "Nyathina, mtoto wangu, bei iko kwa uso wa mtu." Na mimi nataka mnielewe, sisemi waya ni mwizi. Pale sokoni hiyo kitu inafanya kazi na ni ya haki kwa njia yake, juu mteja amesimama hapo, ameingiza mkono kwa gunia, amenusa, amevunja moja kuona kama imekauka ama bado ina maji ndani, anavuta bei chini, waya anavuta juu, wanacheka, wanaulizana za nyumbani, na mwisho kabisa wakishakubaliana waya anachota konzi ingine anatupa juu, hiyo ndio nyongeza, na mama anaenda nyumbani akijua ameshinda. Bei pale ni kitu cha mwisho. Inakuja baada ya macho na pua na mkono kumaliza kazi yao.

Sasa kwa simu mtu hana kitu cha kushika, hawezi kunusa na hawezi kuvunja. Ako na picha yako tu, na picha anajua inaweza kuwa umetoa popote. Kwa hivyo bei ndio kitu cha kwanza anachoweza kushika kwa hiyo biashara yako, na ukimficha hiyo umempea nini? Umempea picha ya samaki na ombi la kwenda mahali pa siri kuongea na mtu hamjui. Hii ilinichukua karibu mwaka mzima kuielewa na ndio sababu naandika yote hii, juu kila siku bado naona wasichana wa hapa Kisumu na hata wa Kakamega na Busia wanauza vitu vizuri sana, keki, mikoba, viatu vya mtumba, nywele, alafu chini wanaandika "bei DM" na naumia kwa ajili yao.

Nikiwauliza huwa naambiwa mambo mawili. La kwanza, ati washindani wataona bei wapunguze. Lakini mshindani wako ni mtu wa hapa hapa, akitaka bei yako atatuma binamu yake aulize, atapata kwa dakika mbili, kwa hivyo unayemficha ni mteja peke yake. La pili, ati watu wakikuja inboksi unawashika vizuri, unaongea nao mpaka wanunue. Hii nilikuwa naiamini sana. Shida ni kwamba haihesabu kazi. Mimi nilikuwa napepeta omena na kutoa mawe na maganda kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, simu yote inanuka samaki, na mazungumzo ni haya: "Hi." "Hi dia." "Sasa." "Poa, nikusaidie aje?" "Ile omena bei?" "Gorogoro 250 mum." "Okay." Alafu kimya. Siku nzima hivyo. Katika watu kumi nikipata wawili wa kununua nilikuwa nashukuru Mungu, na wale wanane nimewapea bando na nguvu na saa zangu, na wao pia wamenipea zao, na hakuna aliyetoka akifurahi.

Nilianza kuandika bei kama mtu anayeingia maji baridi. Posti ya kwanza: omena iliyoanikwa kwa neti, gorogoro 220, Kisumu mjini naleta, nje ya Kisumu natuma na gari pesa ya gari ni yako. Na kitu ya kwanza iliyotokea ilinitisha, inboksi ikanyamaza. Nilizoea simu ikilia siku nzima na sasa iko kimya, nikafikiria nimejiua. Lakini jioni kukaja meseji tatu tu na zote zilikuwa za aina ingine kabisa. Mmoja aliuliza, "Unatuma Eldoret na gari gani?" Mwingine, "Till namba?" yaani ya kunilipa. Hakuna "hi", hakuna "sasa". Hao walikuwa wamemaliza kuamua kabla waniandikie. Tangu hapo nikajua kelele ya inboksi sio mauzo, na nikaacha kuhesabu meseji, nikawa nahesabu vifurushi vinavyotoka kwa mlango.

Sasa mtu wa keki atasema ni rahisi. Bei ya keki unaiandika Januari na Juni bado iko hapo. Omena haiko hivyo, na hapa ndio nilipata shida ya kweli na pia ndio nilipata biashara ya kweli.

Kama wewe si mtu wa Ziwa Victoria wacha nikueleze, omena ni wale samaki wadogo wa fedha, Watanzania wanawaita dagaa. Huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanaenda na taa, zamani zilikuwa karabai na siku hizi ni za betri na za sola, taa inawekwa juu ya maji na omena wanaifuata mwanga wakifikiria sijui nini, ndio wavu unawazunguka. Sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa lote liko na mwanga, taa yako haina nguvu tena, omena wanatawanyika na mashua zingine hazitoki kabisa, watu wanakaa ufuoni wakishona nyavu. Kwa hivyo kila mwezi kuna siku omena inapungua na bei inapanda, alafu giza likirudi inashuka. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni mvua, juu omena lazima ianikwe kwa jua, na mvua ikiipata kwa neti kabla ikauke inageuka rangi na kuvunda, na hiyo inaenda kwa watu wa chakula cha kuku, mtu hawezi kula. Ya tatu ni kwamba upande wetu wa Kenya kuvua omena hufungwa kutoka Aprili 1 mpaka Julai 31 ili wazaane, na hiyo miezi unaishi na stoki ama na mzigo wa kutoka upande wa Uganda na Tanzania.

Haya yote mtoto wa Dunga, ufuoni hapa Kisumu, anajua kabla aende shule. Mtu wa Nakuru atajuaje? Yeye aliona 220 wiki jana na leo ameona 280, na kwa mawazo yake huyu dada ameona nimekuwa kastoma sasa ananikamua. Mmoja aliniambia hivyo wazi, akaniita tapeli kwa grupu ya WhatsApp ya watu wa mtaa wake, na mtu alinitumia picha ya skrini. Hiyo iliniuma kuliko ile ya "mbona inaogopa watu", juu wakati huu sikuwa na hatia.

Nilitaka kurudi kwa inboksi. Kweli kabisa, nilisema basi kama kuandika bei kunaniletea matusi wacha nifiche tena. Nikaenda ufuoni asubuhi moja kununua mzigo, mashua zimelala, mwezi ulikuwa mpevu usiku huo, na nikapiga picha ya mashua zikiwa zimelala hivyo na neti tupu za kuanika. Nikaandika maneno machache, sikupanga, nikasema usiku wa jana mwezi ulikuwa mzima, taa hazikufanya kazi, mashua hazikutoka, kidogo kilichoko kimenunuliwa kwa kung'ang'aniwa, ndio maana leo gorogoro ni 290, na ukiweza kungoja siku kama kumi giza litarudi na bei itashuka, usinunue leo kama hauna haraka.

Niliandika hiyo ya mwisho nikiwa nimechoka. Lakini ndio ilibebwa. Watu wakasheya mpaka kwa magrupu sijui hata ni ya nani, watu wa Naivasha kule mashamba ya maua, ambako kuna watu wengi sana wa huku kwetu, wakaanza kuniandikia, "Dada wa mwezi, giza limerudi?" Na wengine hawakungoja, walinunua siku hiyo hiyo kwa 290. Nikamuliza mmoja mbona hukungoja na nilikuambia? Akaniambia, "Mtu ameniambia nisinunue, huyo ndio wa kununua kwake."

Tangu siku hiyo bei yangu haitoki peke yake. Inatoka na sababu yake. Mistari miwili mitatu tu. Mwezi uko hivi, mvua iko hivi, barabara iko hivi, bei ni hii. Watu wanaouliza nina siri gani ya kupata wafuasi wengi huwa nawaambia sina wafuasi wengi, kuna vijana wa TikTok hapa Kisumu wamenizidi mara mia. Nina watu wanaojua kwa nini wanalipa kile wanalipa, na hao wanarudi.

Kulikuwa na jambo lingine la bei ambalo sikulijua kama ni la bei, gorogoro yenyewe. Sisi huku tunapima kwa mikebe, gorogoro na kasuku, na hakuna anayeuliza. Kastoma wa Nairobi akaniuliza gorogoro ni kilo ngapi, nikamjibu haraka mbili, juu gorogoro ya mahindi ni karibu kilo mbili na ndio ilikuwa kichwani. Alipopokea akapima kwake, akanipigia akiwa mkali na haki yake. Omena ni nyepesi, imejaa hewa, gorogoro yangu haifiki hata kilo moja. Nilimrudishia pesa, nikanunua mizani ya jikoni, na sasa kila picha ninayoweka ni omena ikiwa juu ya mizani na namba zinaonekana, nje kwa jua la asubuhi, bila filta, ionekane ile rangi ya fedha yenyewe. Sichukui picha iliyopigwa na mtu mwingine, hata ikiwa nzuri namna gani. Ukiuza kitu cha kuliwa na picha ni ya mtu mwingine, mteja akifungua mzigo atajua kwa sekunde moja.

Kuhusu kulipia matangazo nitasema kidogo tu juu sina mengi. Niliwahi kubusti posti nikaacha eneo wazi Kenya nzima na umri wote, pesa ikaisha kwa siku tatu, laiki zikajaa za watu wasiokula omena na hawatawahi kula. Mara ya pili nikachagua Nakuru mjini na Naivasha peke yake, nikaweka ile posti ya mwezi ambayo tayari watu walikuwa wameipenda bila kulipiwa, ikarudisha pesa yake na zaidi. Kadi nilikuwa naazima kwa binamu mpaka M-Pesa walipoleta ile GlobalPay mwaka wa 2022, sasa nalipia kwa simu yangu. Busti kile kimejionyesha chenyewe, na weka bei ndani yake, basi.

WhatsApp ndio nyumba yangu hasa. Facebook watu wanapita, WhatsApp wanakaa. Lakini kuna kitu wengi hawajui na kinawanyima mauzo, ukituma ujumbe kwa ile orodha ya brodkasti unafikia tu wale wamesevu namba yako, na orodha moja inabeba watu 256 pekee. Stetasi nayo haionekani kama hamjasevuana, na inakufa baada ya saa 24. Kwa hivyo kwa kila kifurushi naweka kikaratasi, sevu hii namba uone bei ya kila wiki. Siingizi mtu kwa grupu bila kumuuliza. Mimi nimewahi kuamka nikiwa kwa magrupu matano ya watu sijui wanauza nini na najua vile inaudhi, na pia tuna sheria ya kulinda data ya watu tangu 2019, namba ya mtu si yako ya kutembeza.

Na andika hizo namba kwa daftari. Tarehe 4 Oktoba 2021, siku ya Jumatatu, jioni kama saa kumi na mbili na nusu ikielekea saa moja, WhatsApp na Facebook na Instagram zote zilizimika dunia nzima karibu saa sita. Nilikuwa na oda za kwenda Nakuru asubuhi yake, majina, kiasi, gari gani, yote iko ndani ya simu na siwezi kufungua chochote. Nilikaa kwa kitanda mpaka usiku wa manane nikiangalia hiyo skrini. Kesho yake kabla sijaanika kitu nilinunua daftari la kurasa 200. Liko na rangi ya mafuta ya samaki sasa, lakini liko.

Kuna shida bei peke yake haimalizi. Omena inanuka, na kuna gari moja la Nakuru lilikataa mzigo wangu mbele ya abiria wote, konda akaushusha chini kwa vumbi. Nilitembea nao nyumbani nikilia. Siku hizi napakia kwa mifuko ya khaki yenye zipu, alafu ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachofunga kabisa, na hiyo ndoo nimeihesabu ndani ya bei na nimeandika hivyo, "bei iko na ndoo, ukinirudishia ndoo nakupunguzia oda inayokuja." Watu wanarudisha. Kuhusu pesa, meseji ya M-Pesa ya uongo inakuja na namba ya kawaida ya mtu, ya ukweli inaandikwa MPESA hapo juu, na hata hivyo mimi huangalia salio kabla nipeane mzigo kwa gari, awe ni nani. Mteja wa kweli hajawahi kukasirika na hiyo.

Nilimpelekea waya haya mambo. Aprili hii iliyopita, uvuvi umefungwa, bei iko juu na watu Kibuye wanamfokea ati amekuwa mchoyo, nikamwambia waya, andika bei kwa katoni uweke hapo mbele, na chini uandike ziwa limefungwa mpaka Julai. Alicheka. Akaniambia mimi nikiandika bei hawa watu hawatasimama kuniongelesha, na wakiacha kuniongelesha nitajuaje ni nani ako na mgonjwa nyumbani? Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Kwa kiti chake yeye ako sawa. Hajaandika na sidhani ataandika.

Lakini nilirudi nyumbani na hiyo ya mgonjwa. Nikafungua daftari nikaanza kuandika kando ya majina, huyu mama yake amelazwa, huyu ako na mapacha, huyu wa Naivasha kazi ilisimama mwezi wa pili. Bei yao ni ile ile ya kwa posti, sigeuzi tena hata shilingi. Msichana anayenisaidia kupakia akifika kwa hayo majina namwambia ashike mzigo kwanza, nachota konzi naongeza juu kabla afunge zipu. Aliniuliza juzi kama tuipige picha tuweke stetasi ndio watu waone tuko na ofa. Nikamwambia hapana, hiyo haiandikwi mahali.